Damu Iliyofika Kabla Mfungo Haujaisha

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na wale waliozima maikrofoni!

Naandika ushuhuda huu kwa sababu Jumapili iliyopita sikuumaliza. Wengi wenu mlikuwepo. Mliniona nikisimama safu ya tatu upande wa akina mama, mtoto mgongoni, katikati ya matangazo. Kwa wale ambao hawakuwepo, au walikuwa nje wakinunua njugu, nitasema kilichotokea.

Katibu wa baraza la wazee, Mzee Mutiso, alikuwa anasoma matangazo. Akasoma la kwaya. Akasoma la viti vya plastiki vilivyopotea. Halafu, kwa sauti ile ile ya viti, akasema, "Na lile zoezi la kutoa damu limesogezwa mbele hadi tutakapowatangazia. Ukumbi utakuwa na kamati ya harusi, na hata hivyo wiki hiyo kanisa zima litakuwa kwenye mfungo. Tunaendelea. Ufunguo wa choo cha nje..."

Hakufika chooni. Nilikuwa nimeshasimama.

"Sogezeni harusi!"

Kanisa lote likageuka. Mzee Mutiso akashusha miwani. "Mama Nafula, wakati wa shuhuda utafika. Keti, tafadhali."

"Nimeketi tangu Septemba, Mzee. Nimeketi mara mbili. Leo nimechoka kuketi."

Nikachukua maikrofoni mkononi mwa mwimbishaji. Nilisema maneno machache, pamoja na moja lisilofaa madhabahuni, na kwa hilo moja naomba msamaha. Kwa mengine siombi. Kisha nikasikia tuk, maikrofoni imekufa, na wahudumu wawili wakanishika viwiko. Walinishika kwa upendo, lakini walinishika. Nikatoka nikiwa bado naongea, na hakuna aliyenisikia.

Sasa karatasi haina swichi. Someni.

Mimi naitwa Rispa Nekesa. Naishi mtaa wa Umoja, nauza sweta za mitumba za watoto soko la Gikomba. Mume wangu, mnayemjua kwa jina la Baba Nafula, ni fundi wa makabati huko huko Gikomba. Tuna watoto wawili. Nafula ana miaka minne. Wekesa bado ananyonya.

Nafula ana ugonjwa wa selimundu. Huku mtaani tunauita siko, na wengine huuita laana wakidhani sisikii. Si laana. Ni damu. Chembe za damu yake zimejipinda kama mundu wa kukatia nyasi, zinavunjika upesi kuliko mwili wake unavyoweza kutengeneza nyingine, na zikikwama kwenye mishipa mtoto analia kilio ambacho sijui nikifananishe na nini. Baridi ikipiga, analia. Akikosa maji, analia. Ndiyo maana kila bale ya mitumba ninayofungua, sweta nene ya kwanza ni yake, wateja wangoje.

Ndugu zangu, nataka mjue ninavyoamka. Kabla sijamwambia Mungu habari ya asubuhi, namvuta Nafula kope la chini kwa kidole gumba na kutazama ndani. Nikikuta wekundu, nasema asante. Nikikuta weupe, sioshi uso, namfunga leso na kutoka. Kila asubuhi. Hata leo.

Lakini ushuhuda usiosema dhambi ya msemaji ni majigambo, kwa hiyo nitasema yangu.

Mwaka jana gari la kukusanya damu lilikuja hapa uwanjani kwetu. Mnalikumbuka. Viti viliwekwa chini ya hema, soda na biskuti zikapangwa mezani. Mimi nilipanga foleni na wengine. Nilikuwa na mwili mzuri, kilo zangu zilitosha, na Wekesa alikuwa hajaingia tumboni. Nyuma yangu dada mmoja akaninong'oneza kwamba damu hiyo huuzwa, wanapewa watu wakubwa wa kuabudu giza. Nikacheka. Halafu sikucheka. Nikawaza, na nikiishiwa nguvu, Nafula mwenye siko atalelewa na nani? Wakati huo Nafula alikuwa hajawahi kuongezwa damu hata siku moja. Nilidhani hilo ni jambo la watoto wa wengine.

Foleni ilipokaribia nikapitia upande wa meza, nikachukua soda na pakiti ya biskuti kama mtu aliyemaliza kutoa, na nikaenda zangu. Soda nilikunywa njiani. Biskuti nilimpelekea Nafula, akazila akifurahi.

Mungu anaona. Mimi pia sasa naona.

Ikafika Agosti mwaka huu, shule zimefungwa. Jumatatu Nafula akaamka na homa. Kufikia mchana tulikuwa tumelazwa hospitali moja ya serikali huku huku Eastlands, wodi ya watoto. Mchungaji alikuja kutuombea jioni ile, na baraza likatangaza mfungo wa siku tatu kwa ajili ya mtoto, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mfungo kavu, bila chakula wala maji, hadi Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Watu kumi na wanne waliweka nadhiri. Sikuwaomba. Walijitolea kwa upendo, na upendo huo sitaukana hata nikikasirika vipi. Baba Nafula alikuwa mmoja wao. Mimi sikufunga kwa sababu ya kunyonyesha.

Jumanne ilipita. Jumatano ikapita. Alhamisi asubuhi tumbo la Nafula lilikuwa limevimba upande wa kushoto, gumu kama viazi ndani ya gunia. Daktari alilibonyeza mara moja tu akaita wenzake. Akaniambia bandama limeivuta damu ya mwili na kuifungia ndani. Wakampima. Kipimo cha damu kilikuwa kimeshuka hadi tatu, na mtoto kama yeye hata akiwa mzima kwake huwa ni saba, nane.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu la jiko. Viganja vyake nilivigeuza juu nikaona ni vyeupe kama karatasi. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, kichwa changu kimekuwa kizito. Nishikie."

Nikakishika. Kichwa cha mtoto wa miaka minne, ndugu zangu! Nikakishika kwa mikono miwili, naye akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

Daktari akaandika karatasi ya damu. Nikaikimbiza maabara. Mtu wa maabara alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa tepu. Aliisoma, akaenda kwenye friji, akaifungua mlango wote ili nami nione. Rafu ya juu ilikuwa na mifuko kadhaa ya kundi A. Ya katikati ilikuwa na ya kundi B. Rafu ya chini iliandikwa O, na Nafula ni O, na mtu wa O hapokei damu nyingine isipokuwa O. Rafu hiyo ilikuwa tupu. Taa ya friji ilikuwa inaimulika, nyeupe, safi, kama meza ambayo wageni hawajafika.

"Shule zimefungwa, mama," akasema. "Wanaotoa sana ni wanafunzi. Shule zikifunga, mimi nakauka. Watu wazima wa huku hunijia wakiwa na mgonjwa tu."

"Basi nitoe mimi. Mimi ni O."

Akamtazama Wekesa mgongoni. "Unanyonyesha?"

"Nimesema nitoe!"

"Siwezi, mama. Na hata ningekutoa sasa hivi, hiyo damu haiingii kwa mtoto leo. Lazima ipelekwe kupimwa kwanza. Ukimwi, homa ya ini, kaswende. Leo hairudi. Damu ya leo ni ya mtoto wa kesho. Ya mtoto wako ilipaswa kutolewa zamani."

Ilipaswa kutolewa zamani. Nikaonja ile soda mdomoni mwangu.

Akaniambia kuna njia moja. Angepigia hospitali nyingine aazime painti moja. Lakini nao wana wagonjwa wao, na hawaazimi mtu asiyerudisha. "Niletee watu watoe hapa leo. Nikiwaambia watoaji wangu wameshaketi, wataniamini. Watu wanne, watano. Una watu?"

Nilicheka kwa furaha, wallahi! Kama nina watu? Nina kanisa zima! Nikapiga simu kanisani, na nusu saa haikuisha wakawa getini, wote kumi na wanne, Baba Nafula akiwemo, wametembea kwa miguu wakiimba. Mzee Mutiso mbele, Biblia kwapani. "Mama Nafula, usilie! Tumekuja na damu ya kutosha!"

Nilimkumbatia yule mzee. Nataka akumbuke hilo.

Mtu wa maabara akatoka na daftari lake, akawauliza swali la kwanza tu. "Mmekula nini leo?"

Wakajibu kwa pamoja, na kwa shangwe. "Hatujaonja hata maji tangu Jumatatu usiku, Bwana asifiwe!"

Akaweka kalamu chini.

Ndugu zangu, mimi niliyemaliza kidato cha nne, niliyesoma biolojia hadi mtihani, sikuwa nimewaza jambo hilo. Wala wao. Tulikuwa tumekausha kisima kisha tukaja na ndoo. Aliwapima presha wawili, iko chini kabisa. Mzee Mutiso alisimama kwenye mizani akayumba, wakamkalisha sakafuni, mtu akampepea kwa ile ile karatasi ya Nafula.

"Nendeni mkale," yule kijana akawaambia. "Mle vizuri, mnywe maji mengi, mpumzike kidogo, mrudi. Bado kuna wakati. Lakini si mwingi."

Hapo kwenye kibaraza cha maabara ndipo nilipoona uoga wa watu wazima.

"Nadhiri ni hadi saa kumi na mbili," Mzee Mutiso akasema akiwa bado chini. "Tukivunja sasa tutakuwa tumemnyima Mungu saa zake."

"Na Nafula je? Yeye ana saa ngapi?"

"Mama Nafula," dada mmoja akanishika mkono, "chunga mdomo. Adui anatafuta mlango, na imani yako imekuwa haba."

"Imani yangu imelala wodini. Nenda ukaishikie kichwa!"

Niliwachukia wakati ule. Leo nikikumbuka, naelewa walichokuwa nacho. Walikuwa wanaogopa kama mimi. Walimfungia mtoto siku tatu, midomo imewapasuka, na sasa wanaambiwa wale saa za mwisho. Na kama wakila, halafu mtoto afe? Kila mmoja aliogopa kwamba chapati yake ndiyo itakayomuua Nafula. Walisimama tu wakitazama viatu vyao, na dakika zikawa zinakwenda, na juu kwenye wodi mtoto wangu alikuwa ameshikiliwa kichwa na mama wa kitanda cha pili, mtu nisiyemjua.

Nikapiga magoti. Niliwapigia magoti watu kumi na wanne kwenye saruji, mtoto mgongoni. Nikasema, kuleni. Tafadhali kuleni.

Baba Nafula ni mtu wa maneno machache, mnamjua. Alipita katikati yao akatoka getini. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha chakula. Nikamfuata. Akaketi kwenye fomu, benchi refu la wateja, akamwambia mwenye kibanda, "Mathe, nipe maji. Halafu chai, chapati mbili na madondo."

Akala zile chapati na maharagwe akilia. Sijawahi kuona mtu akila namna ile. Machozi yanaingia kwenye sahani naye anayachovya pamoja na chapati. Wenzake walikuwa wamesimama getini wanamtazama, na mmoja wao akaanzisha pambio la toba, polepole, wengine wakaitikia. Baba Nafula akainua uso, mdomo umejaa.

"Imbeni tu," akasema. "Mimi nakula."

Kisha nikamwona Nyanya Kalekye akivuka barabara na fimbo yake. Ana miaka sabini na kitu, damu yake wasingeichukua hata angewapa bure na zawadi juu. Lakini alikuwa amefunga siku tatu na wenzake, kavu, na umri ule. Akaketi kando ya mume wangu, akaisogeza sahani katikati.

"Nimegee hiyo chapati, mwanangu. Mungu akikasirika, atukasirikie wawili."

Akatafuna kwa meno yake machache, wote wakimtazama. Pambio likafa. Akavuka wa kwanza. Akavuka wa pili. Kufikia mwisho walikuwa sita kwenye ile fomu, wanakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, wanakula wameinamisha vichwa, na mwenye kibanda anawauliza kwani mnatoka jela gani.

Wanane walibaki getini na nadhiri yao. Mzee Mutiso alikuwa miongoni mwao. Simhukumu. Nasema tu alikuwa wapi.

Nyanya aliachwa akilinda vikoti. Kati ya watano waliorudi maabara, mmoja presha yake ilikataa. Wanne wakalazwa, na mume wangu akawa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Yule kijana akashika simu mbele yangu. "Nina watoaji wanne, wameshalala hapa. Naomba painti moja ya O, ya mtoto." Akasikiliza. Naweza kuwaambia idadi ya vigae vya ile sakafu hadi leo. Kisha akasema, "Asante," akanitazama, akainua kidole gumba.

Ilifika saa tisa alasiri, ndani ya kisanduku cha barafu kama cha muuza aiskrimu.

Nesi alipoukagua na kuutundika mfuko, nilisogea niusome. Hapakuwa na jina. Palikuwa na namba, na herufi O, na tarehe ya kutolewa. Nikahesabu kwa vidole. Siku kumi na tisa nyuma. Nikajilazimisha kukumbuka siku hiyo mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa Gikomba. Nilifungua bale nzuri siku hiyo, sweta safi tupu, nikamtania jirani yangu wa kibanda, tukala githeri tukicheka. Nafula alikuwa mzima, anacheza chini ya meza. Wala hatukuwa tumefunga. Wala hatukuwa tumeomba. Na saa hiyo hiyo, mahali fulani katika Nairobi hii, mtu nisiyemjua alikuwa amelala, amenyoosha mkono, hana mgonjwa, hajaitwa na yeyote, anatoa damu kwa sababu zamu yake imefika.

Ndugu zangu, nililia kuliko wakati wowote wa siku ile! Mungu alikuwa amejibu kabla sijafungua kinywa. Jibu lilikuwa limelala kwenye friji siku kumi na tisa likimngoja Nafula. Lakini hata Mungu alihitaji mkono wa mtu aliyeamka akanywa chai na akaenda.

Ikaingia tone kwa tone. Sikuthubutu kuangalia pembeni, nikiogopa tone litaacha kufuata lingine. Nesi alikuja mara nyingi kumpima joto, na kila akikunja uso nilimuuliza kuna nini. Kwanza masikio yalirudiwa na rangi. Kisha midomo. Kisha Nafula akafungua macho, akauliza kama Wekesa amekula, halafu akasema, "Mama, nataka biskuti."

Biskuti! Nilitoka nje ya wodi nikauma leso yangu nisipige kelele.

Saa kumi na mbili jioni wale wanane wakavunja mfungo wao getini kwa sala ya ushindi. Painti ilikuwa imekaribia kuisha.

Tulipopona na kurudi nyumbani, niliombwa kutoa ushuhuda kwamba mfungo wa siku tatu ulimponya mtoto. Nikasema nitausema wote, pamoja na chapati. Nikaambiwa nifupishe. Mimi sisemi kufunga ni vibaya. Nimefunga, nitafunga tena nikimwachisha Wekesa. Ila mfungo uliisha saa kumi na mbili na damu ilifika saa tisa, na atakayeniambia nigeuze saa hizo anataka niseme uongo mbele za Mungu.

Mchungaji alielewa. Baraza likaahidi kwamba kila miezi mitatu kanisa hili litatoa damu, tukianza na Septemba. Mimi mwenyewe nilikwenda kwa yule kijana wa maabara, nikamwambia weka kanisa letu kwenye kalenda yako. Akaandika kwa kalamu ya wino.

Septemba ikasogezwa kwa sababu ya mkutano wa injili. Oktoba mwanzo ikasogezwa kwa sababu hema lilikuwa limeazimwa. Na sasa hii ya tatu, harusi na mfungo. Kila mara mimi ndiye ninayempigia yule kijana. Mara ya tatu hakuuliza sababu. Alisema tu, "Sawa, mama. Nafula yuko vipi?"

Ndugu zangu, naogopa. Sitajifanya shujaa. Bandama lililofanya hivyo mara moja laweza kufanya tena, daktari aliniambia wazi, akanifundisha kulipapasa kila jioni. Damu haikai kwenye friji mwaka mzima kama nyama, wiki tano hivi imeharibika. Ile ya Agosti imeshakwisha, iwe ilitumika au ilimwagwa. Shule zinakaribia kufungwa tena, likizo ndefu kuliko ile, na ile rafu ya chini nimeiona kwa macho yangu. Mimi bado nanyonyesha, siwezi kutoa. Baba Nafula anashika zamu yake, ikifika miezi mitatu anakula kwanza halafu anaenda, lakini mkono wake ni mmoja. Nimebaki na ninyi tu.

Kwa hiyo nawaalika. Mtumaini Mungu, kisha unywe chai na mkate, kisha uje. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne, ukiwa mzima na kilo hamsini. Njoo wakati huna mgonjwa. Njoo ukiwa na furaha zako, siku ya bale nzuri. Usingoje kuitwa kwa simu na mama anayelia, kwa sababu hiyo damu itakuwa imechelewa. Na wewe dada wa kuninong'oneza foleni, njoo. Tutakaa pamoja. Nami zamu yangu ikifika nitanyoosha mkono, na soda sitaigusa.

Shukrani zangu kwa Mungu aliye hai. Shukrani kwa Nyanya Kalekye. Shukrani kwa mtu wa siku kumi na tisa, popote ulipo Nairobi hii, uliyelala ukanyoosha mkono.

Na kwa kuwa maneno ya mdomo huzimwa, Jumatatu asubuhi nilipeleka barua hii ofisi ya kanisa. Karani hakutaka kuipokea, nikaketi hadi akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Nainakili hapa ili mjue nilichoandika, neno kwa neno.

*Kwa Mwenyekiti,*
*Baraza la Wazee.*

*KUH: MALALAMIKO RASMI KUHUSU KUSOGEZWA KWA ZOEZI LA KUTOA DAMU MARA TATU*

*Mimi ni mshirika wa kanisa hili na mama wa mtoto anayeishi kwa damu ya watu wengine. Nalalamika kwamba Baraza liliahidi mbele ya ushirika kutoa damu kila miezi mitatu na halijatoa hata mara moja.*

*Nalalamika kwamba mfungo umepangwa wiki ile ile ya kutoa damu, ilhali Baraza linajua tangu Agosti kwamba aliyefunga haruhusiwi kutoa, na katibu wa Baraza anajua hilo kuliko mtu yeyote, maana alianguka kwenye mizani.*

*Naomba zoezi lirudishwe kwenye tarehe yake. Ukumbi ukiwa na harusi, tutatolea uwanjani. Naomba tarehe za mwaka mzima ujao ziandikwe kwenye kalenda ya kanisa pamoja na Pasaka na Krismasi, na mfungo wowote upangwe mbali nazo. Naomba pia kanisa lipike chai na chapati asubuhi ya siku hiyo. Nitapika mimi.*

*Naomba jibu la maandishi kabla shule hazijafungwa. Harusi inaweza kusogezwa mbele. Mfungo unaweza kusogezwa mbele. Nafula hawezi.*

*Rispa Nekesa, Mama Nafula.*